Masikio Mawili Uwanjani: Historia ya Kunasa Ngoma kwa Stirio

Utangulizi

Lugha yetu ina majina mawili ambayo aghalabu huchanganywa, nayo ni kinasa sauti na kipaza sauti. Mtu akisimamisha maikrofoni mbele ya wapiga ngoma, wengi husema kwamba amesimamisha kipaza sauti. Kwa mhutubiaji wa mkutano wa hadhara jina hilo si baya, kwa kuwa haja yake ni kuwafikia walio nyuma. Lakini kwa mwenye kuhifadhi ngoma jina hilo linapotosha. Maikrofoni haipazi chochote. Kinachopaza ni spika iliyo upande wa pili wa waya. Maikrofoni ni sikio. Na kila sikio, kabla halijasikia lolote, halina budi kujibiwa swali moja: lisimame wapi?

Makala haya yanaeleza historia ya swali hilo, tangu enzi ya pembe ya fonografu hadi maikrofoni mbili zinazopangwa pamoja ili kupata sauti ya stirio. Shabaha yake ni kuwaonyesha walimu na wanafunzi kwamba ufundi wa kunasa sauti nje ya ukumbi si jambo la mafundi wa redio peke yao. Ni sehemu ya kazi ya kuhifadhi utamaduni wa taifa. Ngoma ikishanaswa vibaya, na wazee walioijua wakishatangulia mbele ya haki, kosa hilo halina dawa. Kizazi kijacho kitaisikia ngoma hiyo kama sikio lile lilivyoisikia, wala hakitakuwa na njia nyingine ya kuisikia.

Enzi ya sikio moja

Mwaka 1877, huko Marekani, Thomas Edison aliunda fonografu, mashine ya kwanza iliyoweza kushika sauti na kuirudisha. Sauti iliingia katika pembe, ikatikisa kiwambo chembamba, na sindano iliyoshikamana na kiwambo hicho ikachora mfuo katika silinda iliyokuwa ikizunguka. Silinda za mwanzo zilivishwa karatasi ya bati. Baadaye zikatengenezwa kwa nta. Mashine hizo hazikuhitaji umeme, ziliweza kubebwa safarini, na kwa sababu hiyo wataalamu wa Ulaya wakazichukua kwenda nazo katika makoloni. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha mjini Berlin hifadhi ya silinda za namna hiyo, nayo ikapokea sauti kutoka pande nyingi za dunia.

Sauti za nchi yetu nazo zilifika huko. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kusini mashariki mwa nchi ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani. Alipita Masasi na Newala hadi uwanda wa juu wa Makonde, akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Ilikuwa ni kipindi kile cha Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu 1905 hadi 1907, na wenyeji wa kusini walikuwa katika majonzi makubwa. Basi hizo ni miongoni mwa sauti za kale kabisa za ngoma na nyimbo zetu zilizowahi kuwekwa katika mashine.

Hebu tuitazame mashine ile kwa jicho la mchezaji ngoma. Pembe ilisikia kilichokuwa mbele yake na karibu yake tu. Silinda ilichukua dakika chache. Ngoma ya kukesha, yenye wachezaji kwa makumi na duara la watazamaji wanaoitikia, haikuweza kuingia humo. Kwa hiyo ngoma ililazimika kukatwa: mwimbaji akaitwa asogee mbele ya pembe, waitikiaji wachache wakasimamishwa nyuma yake, wengine wote wakaachwa nje ya historia.

Kuanzia mwaka 1925 unasaji wa umeme ulianza kushika nafasi ya pembe, na maikrofoni ikawa ndiyo sikio jipya. Hata hivyo, sikio hilo lilikaa mijini, katika vyumba vya makampuni ya santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili waimbe mbele yake. Santuri zao zilienea mwambao mzima, na heshima ya taarabu ya Kiswahili ikaenea pamoja nazo. Lakini ni dhahiri kwamba katika safari ile msanii ndiye aliyelifuata sikio, si sikio lililomfuata msanii. Baraza, hadhira, vicheko na vigelegele vya Unguja havikupanda jahazi wala meli.

Aliyeugeuza mwendo huo kwa kiasi kikubwa alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini mwaka 1920. Tracey alisafiri kwa gari na mitambo yake hadi vijijini. Mwaka 1950 alizunguka Afrika Mashariki, na Tanganyika ikiwemo, akinasa nyimbo, marimba, zeze na ngoma mahali palepale zilipopigwa. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ambayo tangu mwaka 1978 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Makhanda uliokuwa ukiitwa Grahamstown. Alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni kwa mkono wake, akiielekeza na kuisogeza, sasa kwa mwimbaji, sasa kwa ala, kama mpiga picha anavyoielekeza kamera.

Kazi yake ilikuwa kubwa, na bila yake mengi yangalipotea. Lakini sikio lake lilikuwa moja. Alipolipeleka kwa mwimbaji, mwimbaji alikuja mbele; alipolipeleka kwa manyanga, manyanga yalikuja mbele. Uamuzi ulikuwa wake. Kanda ya namna hiyo hutuambia ni nani aliyeimba na aliimba nini. Haituambii alisimama wapi, ni nani aliyemjibu kutoka ng'ambo ya uwanja, wala mchezaji alipita kutoka wapi kwenda wapi.

Kuzaliwa kwa masikio mawili

Binadamu ameumbwa na masikio mawili, na kati yake kuna kichwa chenye upana wa sentimita 17 hivi. Sauti husafiri angani kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Sauti inayotoka kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto; tofauti yake haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Isitoshe, kichwa hulikinga sikio la mbali, hivyo sauti hulifikia ikiwa imepungua nguvu. Kwa tofauti hizo mbili, ya wakati na ya nguvu, ubongo hutambua sauti imetoka upande gani. Ndiyo sababu mama aliye sokoni humtambua mwanawe anayelia, akageuka upande uleule bila kukosea.

Dalili ya kwanza kwamba jambo hilo lingeweza kupitishwa katika waya ilionekana mjini Paris mwaka 1881. Katika maonyesho ya umeme ya mwaka huo, Clément Ader alipanga maikrofoni za simu mbele ya jukwaa la jumba la opera, akazivuta nyaya hadi kwenye ukumbi wa maonyesho. Msikilizaji alishika visikilizio viwili, kimoja kwa kila sikio, na kila kimoja kilitoka katika maikrofoni tofauti. Watu walistaajabu waliposikia waimbaji wakitembea jukwaani. Hata hivyo, wakati ule hapakuwa na namna ya kuyahifadhi waliyoyasikia.

Aliyetatua fumbo hilo kwa ukamilifu alikuwa Mwingereza Alan Blumlein. Inasimuliwa kwamba akiwa sinemani pamoja na mkewe alikerwa na jambo moja: mchezaji alionekana upande mmoja wa pazia na sauti yake ikatokea upande mwingine. Tarehe 14 Desemba 1931, akiwa na umri wa miaka 28, alipeleka maombi ya hataza ambayo baadaye ilipewa namba 394,325. Ndani yake mlikuwa na madai 70. Alieleza jinsi ya kupanga maikrofoni mbili, jinsi ya kuzichanganya na kuzitenganisha sauti zake, na jinsi ya kuchora mikondo yote miwili katika mfuo mmoja wa santuri. Mwezi Januari 1934 aliinasa kwa njia hiyo okestra iliyoongozwa na Thomas Beecham katika studio za Abbey Road, London. Mwaka 1935 yeye na wenzake waliipeleka mitambo nje, wakapiga filamu ya treni zikipita katika stesheni ya Hayes, nayo sauti ya treni ikaandamana na treni yenyewe kutoka upande hadi upande.

Blumlein hakuyaona matunda ya kazi yake. Tarehe 7 Juni 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikufa katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu chombo kipya cha rada. Alikuwa na miaka 38. Santuri za stirio zilianza kuenea madukani mwaka 1958, yaani zaidi ya robo karne baada ya hataza yake.

Namna za kuzisimamisha

Tangu siku za Blumlein mafundi wamebuni namna nyingi za kupanga maikrofoni mbili. Tutazitaja nne, kwa kuwa kila moja ina maana yake uwanjani.

Ya kwanza ni ya Blumlein mwenyewe. Maikrofoni mbili huwekwa moja juu ya nyingine, karibu kugusana. Kila moja husikia mbele na nyuma, wala haisikii mbavuni, mithili ya umbo la namba 8. Nyuso zake hupishana kwa pembe ya digrii 90, moja ikitazama mbele kushoto na nyingine mbele kulia.

Ya pili huitwa XY. Hapa pia maikrofoni hukaa mahali pamoja na hupishanishwa, kwa kawaida kwa digrii 90, ila kila moja ina usikivu wa umbo la moyo: husikia sana mbele na kidogo mno nyuma. Kwa kuwa zimekaa pamoja, sauti hufika kwa zote kwa wakati mmoja. Tofauti inayobaki ni ya nguvu tu. Vinasa sauti vidogo vingi vinavyouzwa siku hizi vimejengwa kwa mpango huu.

Ya tatu ni ile iliyotokana na mafundi wa redio ya taifa ya Ufaransa katika miaka ya 1960, nayo imebaki na jina la shirika lao la wakati huo, ORTF. Maikrofoni mbili za umbo la moyo hutenganishwa kwa sentimita 17, takriban upana wa kichwa cha mtu, na huelekezwa nje kwa pembe ya digrii 110. Mpango huu hupata tofauti zote mbili, ya nguvu na ya wakati, na msikilizaji mwenye hedifoni hujiona kama aliyesimama pale pale.

Ya nne ni kuziweka maikrofoni mbalimbali kabisa, kwa mita moja au zaidi. Sauti yake huwa pana na ya kupendeza, lakini ina hatari zake. Mikondo miwili ikichanganywa kuwa mmoja, mawimbi yaliyofika kwa nyakati tofauti huweza kufutana, na sauti ikawa nyembamba na ya puani. Tena zikitenganishwa mno uwanjani hugeuka masikio ya watu wawili. Tukumbuke kwamba kwa mwendo wa mita 340 kwa sekunde, mita 34 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mdundo mmoja wa ngoma ukinaswa na maikrofoni mbili zenye tofauti hiyo, utasikika kama midundo miwili.

Jambo hilo la kuchanganya mikondo si dogo kwa nchi kama yetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1965 idhaa ya taifa ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miongo mingi matangazo yake yalikwenda katika masafa ya kati na masafa mafupi, na mwanakijiji aliyapokea kwa redio yenye spika moja. Hata leo vijana wengi husikiliza muziki kwa simu ya mkononi yenye spika ndogo moja. Kwa hiyo fundi mwenye busara huchagua mpango ambao mwenye hedifoni ataufaidi na mwenye spika moja hatapungukiwa. Mipango miwili ya kwanza, ambayo maikrofoni hukaa pamoja, ina sifa hiyo kwa sauti zinazotoka mbele yake.

Uwanja si ukumbi

Mipango tuliyoitaja ilikuzwa zaidi katika kumbi za Ulaya. Ukumbi una kuta na dari. Sauti hugonga kuta, ikarudi, ikajaza mahali pote. Maikrofoni ikiwekwa mbali bado hupata sauti nzito. Uwanjani hakuna kuta. Sauti huenda na hairudi. Nguvu yake hushuka haraka: ukiongeza umbali mara mbili, hubaki robo. Kwa sababu hiyo maikrofoni za nje hazina budi kusogezwa karibu kuliko za ukumbini. Lakini zikisogezwa karibu mno, mpigaji mmoja huwafunika wenzake wote.

Adui wa pili ni upepo. Upepo ukiipiga maikrofoni hutoa ngurumo inayofunika sauti zote nzito, na ngurumo hiyo haiondoki kanda ikishanaswa. Kifuniko cha sponji husaidia katika upepo mdogo. Katika upepo wa Dodoma au wa pwani wakati wa kusi, kinahitajika kifuniko kikubwa chenye manyoya marefu. Manyoya huvunja kasi ya upepo bila kuizuia sauti.

Tena kuna tofauti ya mchana na usiku. Mchana ardhi huwa na joto, na hewa iliyo karibu nayo huwa na joto kuliko ya juu. Sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Usiku ulio shwari ardhi hupoa, mpango wa hewa hugeuka, na sauti hupinda kurudi chini. Ndiyo maana ngoma ya usiku husikika vijiji kadhaa mbali, na wazee wetu, bila ya kusoma vitabu vya fizikia, waliitumia hali hiyo kupeleka habari. Mwenye kunasa ngoma usiku hana budi kujua kwamba atanasa pia jenereta, mbwa na redio za mbali ambazo mchana asingezisikia.

Pia kuna watu. Ni vema maikrofoni ziinuliwe juu ya vichwa, mita mbili au tatu kutoka ardhini, ili zisizibwe na migongo wala kuzidiwa na mtoto anayepiga kelele chini yake. Kipimo cha nguvu katika kinasa sauti kiachiwe nafasi ya kutosha. Firimbi moja au kigelegele kimoja kilicho karibu huweza kuivunja sauti yote iliyotangulia kuwekwa sawa.

Ngoma ina duara

Sasa tumefika penye kiini cha jambo. Ukumbi wa Ulaya umejengwa kwa fikira kwamba wapigaji wako upande mmoja na wasikilizaji upande mwingine. Maikrofoni mbili zikisimama mahali pa msikilizaji, kushoto na kulia hujipanga zenyewe. Ngoma zetu nyingi hazina upande wa mbele. Zina duara, mtazamaji ni mwitikiaji, na mwitikiaji huweza kuwa mchezaji wakati wowote.

Mtu akifikiri kwamba dawa ni kusimamisha maikrofoni katikati ya duara, ajihadhari. Mpango wa Blumlein, kwa mfano, husikia mbele na nyuma sawasawa. Walio robo ya mbele watasikika mahali pao. Walio robo ya nyuma watasikika juu ya hao wa mbele, kulia kwao kukiwa kushoto. Walio mbavuni watakuwa sauti isiyo na mahali, na katika redio ya spika moja watafifia. Duara limenaswa lote, lakini limekunjwa kama mkeka. Tena maikrofoni iliyo katikati huwaondolea wachezaji uwanja wao. Mara nyingi njia iliyo salama ni ukingoni mwa duara, juu kidogo, mahali ambapo ngoma yenyewe ina mgongo, yaani nyuma ya watazamaji wa safu ya kwanza, wapigaji wakiwa upande wa pili.

Lakini ni ukingo upi? Jibu halipatikani katika kitabu cha ufundi. Katika muheme wa Wagogo, wanawake ndio wapigaji, wakiwa wamezibana ngoma mapajani. Fundi mgeni anayedhani ngoma ni kusindikiza tu ataelekeza masikio yake kwa waimbaji, na kazi ya wanawake hao itakuwa ngurumo ya nyuma. Anayeijua muheme atajua kwamba mazungumzo ya zile ngoma ndiyo habari yenyewe.

Mfano ulio bora zaidi unatoka Usukumani. Huko kuna vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani, Bagika na Bagalu. Kila mwaka, mnamo mwezi Juni, katika sherehe za Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, vikundi vya pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Kila upande hupiga, huimba, hucheza na nyoka au na majembe ya bugobogobo, na hufanya kila hila kuwavuta watazamaji. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hukumu ya shindano, basi, ni mwendo wa watu kutoka upande huu kwenda upande ule.

Tufikiri sasa kuhusu kanda ya shindano hilo. Maikrofoni moja ikiwekwa katikati itatupatia kelele: midundo miwili isiyopatana, nyimbo mbili zinazofunikana. Msikilizaji asiyejua atadhani hao ni watu wasiojua kupiga ngoma. Maikrofoni moja ikiwekwa kwa Bagika itatupatia ngoma safi, lakini shindano halipo tena. Bagalu wamekuwa usumbufu wa mbali. Maikrofoni mbili zilizopangwa pamoja, zikasimamishwa pembeni mahali ambapo Bagika wako kushoto na Bagalu wako kulia kwa umbali sawa, zitatupatia kila upande mahali pake. Sikio litaweza kuchagua, kama linavyochagua likiwa uwanjani. Na zaidi ya hayo, msikilizaji atasikia makelele ya umati yakihama polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Atausikia ushindi. Sikio moja haliwezi kurekodi ushindi huo, hata liwe la gharama namna gani.

Basi stirio si pambo la matajiri wenye spika mbili sebuleni. Kwa ngoma ya namna hii ndiyo njia ya kusema kweli.

Jukwaa la siku hizi

Hatuwezi kudai kwamba muziki wetu wote wa nje umebaki katika duara. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 Unguja, limekuwa likitumia Ngome Kongwe, ambako hadhira hukaa chini ya anga mbele ya jukwaa lenye spika kubwa pande zote mbili. Hapo mpango wa ORTF au XY hupata mahali pake pa asili. Maikrofoni husimamishwa kwenye mstari wa katikati, umbali sawa kutoka kila spika, mbele ya kelele za nyuma lakini si chini ya jukwaa kabisa. Akisogea kushoto kidogo, mnasaji atarudi na okestra ya taarabu iliyoegemea upande mmoja. Wengi huchukua pia mkondo wa moja kwa moja kutoka kwenye meza ya fundi mitambo, ili maneno ya mwimbaji yawe wazi, kisha huuchanganya na sauti ya uwanjani, wakiziweka sawa nyakati za mikondo hiyo. Meza huleta maneno. Uwanja huleta watu. Taarabu bila ya watu wanaokwenda kutunza na kuitikia ni nusu ya taarabu.

Wajibu wetu

Kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ni hazina isiyo na mfano. Humo mna sauti za watu ambao hatutawasikia popote pengine. Zilizonaswa kwa sikio moja zibaki hivyo. Si haki kuzibadilisha kwa ujanja wa mitambo na kuzipa kushoto na kulia ambako hazikuwa nako. Wajibu wetu ni kwa zile ambazo bado hazijanaswa.

Leo mwalimu wa sekondari anaweza kupata kinasa sauti kidogo chenye maikrofoni mbili, kinachoenea kiganjani. Kifaa ambacho kingemshangaza Blumlein kimo mikononi mwa wanafunzi. Kilichopungua si chombo, ni maarifa ya mahali pa kukisimamisha, na maarifa hayo wanayo wenye ngoma. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mguu wa kwanza wa kile kigingi chenye miguu mitatu, wanafunzi na wamwendee manju na wamwulize: ngoma hii husikilizwa kutoka wapi? Ni sauti ipi isiyofaa kukosekana? Nani humwitikia nani? Kisha wazunguke uwanja mara moja wakati wa majaribio, wakisimama hapa na pale, wakiziba sikio moja na kulifungua. Mahali ambapo masikio yao wawili yanaielewa ngoma, hapo ndipo pa kusimamisha yale mengine mawili.

Mwanzoni mwa kila kanda itamkwe tarehe, mahali, jina la ngoma, na jinsi maikrofoni zilivyosimama: nani alikuwa kushoto, nani kulia. Ichukuliwe idhini ya wenyewe, maana sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi. Na nakala irudi kijijini. Silinda za mwaka 1906 zilikwenda Ulaya, mbali na wajukuu wa waimbaji. Hatuna sababu ya kulirudia jambo hilo sisi wenyewe kwa sisi, tukaziacha kanda ndani ya kabati la shule.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia ina hatua tatu. Kwanza ngoma ilikatwa ili ienee katika pembe. Kisha sikio moja likaifuata ngoma kijijini, likachagua la kusikia. Tatu, masikio mawili yakaweza kusimama uwanjani na kuacha kila sauti mahali pake. Hatua hii ya tatu imo mikononi mwetu, lakini haitendeki yenyewe. Chombo chenye masikio mawili kikisimamishwa na asiyeijua ngoma, kitanasa kelele kwa ufasaha mkubwa. Kikisimamishwa na aliyeketi kwanza na wazee akajua Bagika wanasimama wapi na Bagalu wapi, kitamwezesha mtoto atakayezaliwa miaka mia ijayo kufumba macho na kujua ni upande upi ulioshinda.